Moshi Usiohesabiwa

Nina ugomvi na neno uendelevu. Si ugomvi wa mwalimu wa Kiswahili, ingawa Kiswahili ndicho kinachonilisha; nakifundisha katika shule moja ya upili huku Kaaga, na likizo zikifika natafsiri kwenye semina za watu wenye miradi. Neno lenyewe halina kosa. Linatamkika vizuri na wanafunzi wangu wanalipachika kwenye insha bila shida. Ugomvi wangu ni na watu wanaotembea nalo kama kitambulisho cha getini. Wanalionyesha na kila mlango unafunguliwa, hata mlango wa jiko la mama yangu.

Mama aliishi Ruiri, upande ule ambao upepo wa kaskazini unakuja na vumbi na kulilaza juu ya kila kitu. Alikuwa mjane mwenye mbuzi wachache, kuku, na shamba la mahindi na maharagwe lililotegemea mvua ambayo haikumtegemea mtu. Shida ya Ruiri ni maji. Wanawake hupanga mitungi kwenye kioski cha maji tangu asubuhi, na pampu ikiharibika wanakwenda mbali na punda, wasio na punda wanabeba mgongoni. Mama alibeba maji mgongoni miaka yote niliyomjua, mpaka paji la uso wake likapata mfuo wa kamba. Alikuwa mwanachama wa kikundi cha akina mama wa kanisa, na kikundi hicho alikipenda kuliko alivyotupenda sisi watoto wake. Nasema hivyo nikijua ninachosema.

Mradi ulioleta maneno haya ulikuwa wa majiko. Shirika lenyewe halipo tena huku kwetu, kwa hiyo jina lake halitamfaa mtu. Kabla ya kwenda vijijini, sisi watafsiri tulipelekwa Embu, kwenye hoteli yenye bustani, tukafundishwa istilahi. Hewa ukaa. Nyayo za kaboni. Nishati jadidifu. Taka zinazooza na taka zisizooza. Mbele ya kila kiti palikuwa na chupa ya plastiki ya maji, na chai ilipokuja chupa ziliondolewa zikiwa nusu, zikaletwa nyingine zilizojaa. Mkufunzi alikuwa bado kwenye taka zisizooza. Nilimkazia macho nione kama ataona. Hakuona, au aliona akaamua chupa si kazi yake.

Istilahi iliyonitoa jasho ilikuwa fidia ya kaboni. Kwa Kimeru hakuna neno lake, na kwa Kiswahili lipo lakini halimwambii mkulima kitu. Nikaamua kulieleza kwa mfano. Kuna tajiri mbali sana ambaye kiwanda chake kinatoa moshi. Kukizima hataki, maana ndicho kinachomlisha. Basi anatafuta mtu mwingine duniani apunguze moshi wake, anamlipia, halafu ule uliopungua kwa mwenzake anauandika kana kwamba umepungua kwake. Mkufunzi alisema mfano ni mzuri sana ila niondoe neno tajiri.

Sikuliondoa. Siku tuliyokutana na kikundi cha mama kwenye ukumbi wa kanisa, Ruiri, nilisema tajiri, na mwenyekiti wa kikundi akainua mkono. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiye na mzaha, jirani ya mama tangu wote wawili walipoolewa.

"Kwa hivyo huyo anaendelea kupika," aliuliza, "na sisi ndio tunapunguza moto?"

Ukumbi ulicheka. Nikatafsiri. Mgeni mkuu wa mradi, mama wa makamo aliyetoka ng'ambo, mpole wa sauti, naye alicheka, akasema hilo ni swali zuri sana. Mgeni wa semina akikwambia swali lako ni zuri sana, usikae ukisubiri jibu.

Masharti yalikuwa hivi. Kila nyumba itapewa jiko la kuokoa kuni, la bati nje na udongo ndani, bila malipo. Mafiga, yale mawe matatu ya kupikia, yatolewe nje. Afisa wa mradi atapita mara kwa mara kutazama kama jiko linatumika na kupima kuni. Nyumba za kutosha zikibaki ndani ya mradi mpaka awamu iishe, kikundi kitapata tangi kubwa la maji pale kanisani, pamoja na mifereji ya kukinga mvua ya paa lote na bomba la kuunganisha na laini kubwa. Nyumba zikipungua chini ya idadi iliyokubaliwa, hakuna tangi.

Na kulikuwa na jambo moja dogo lililosomwa mwishoni, watu wakishatazama mlangoni. Nyumba itakayohamia gesi itahesabiwa imetoka. Sababu yake ilikuwa rahisi hata bila mfano. Nyumba isiyochoma kuni haina moshi wa kupunguza, na asiye na moshi wa kupunguza hana cha kuuzia yule tajiri. Nilitafsiri na hakuna aliyeshtuka. Nani Ruiri alikuwa na gesi?

Hewa ukaa hawakuisikia, nawaambia kweli. Walisikia tangi. Niliwaona mabega yakilegea, kama mtu aliyetua mzigo, na mama alikuwa benchi la mbele akitabasamu kwa meno yote.

Baada ya mkutano mgeni aliomba kuona nyumba moja ya mfano, akapelekwa kwa mama kwa sababu ilikuwa karibu. Alizunguka boma akishangaa. Aliona maji ya kuoshea vyombo yanavyomwagiwa sukuma wiki. Aliona mkebe wa mafuta uliogeuzwa kikombe, gunia lililoshonwa likawa mkeka, majivu yanayomwagwa chooni, kiondo kilichorudiwa kufumwa chini mpaka hakikuwa na chini yake ya kwanza. Aliniambia, macho yakimlengalenga, kwamba mama yangu anaishi maisha endelevu kabisa, maisha yasiyo na taka, na kwamba dunia nzima ina la kujifunza hapa. Nikamtafsiria mama.

"Mwambie huo ni umaskini," mama alisema. "Akiutaka nimwachie."

Nilitafsiri neno kwa neno, maana nalipwa kwa hilo. Mgeni aliweka mkono kifuani, akasema mama ni mnyenyekevu sana. Hiyo sikuitafsiri. Mama hakuwa mnyenyekevu na angeudhika.

Majiko yalikuja, na yalikuwa mazuri. Hapo ndipo waliokaa wakapanga mradi walipoteleza, kwa sababu hawakutujua. Jiko lilipakwa rangi ya kijani inayong'aa na kupigwa kibao chenye namba. Mama alilipangusa kwa kitambaa chenye maji, akalibeba mpaka sebuleni, akaliweka juu ya stuli kando ya kabati la vyombo, akalifunika kitambaa cheupe cha kufuma. Kisha akarudi kwenye mafiga yake akapika githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha. Nyumba zote zilifanya hivyo. Kwetu kitu kizuri hakitumiwi, kinasubiri wageni. Chupa ya chai ya maua, vikombe vyenye ukingo wa dhahabu, kochi linalofunikwa vitambaa mpaka springi zinachoka bila kukaliwa. Jiko likaingia kwenye orodha ya heshima. Hakuna aliyemwambia mwenzake. Kila mmoja alifanya kwake akijua ndivyo inavyopaswa.

Afisa wa mradi alikuwa kijana wa Embu, mwenye pikipiki na simu ya kujazia majibu. Alipokuja mara ya kwanza nilikuwa nyumbani, likizo. Mama alimkaribisha sebuleni akafunua kitambaa.

"Shosho, mbona hii jiko haina masizi?" kijana aliuliza. "Haujawai washa?"

"Niichafue na imekuja juzi?" Mama alimshangaa. "Hii ni kitu ya wageni. Na wewe ni mgeni. Keti."

"Si ya kuangalia, shosho. Ni ya kupikia."

"Na sufuria yangu ya githeri nitaiweka wapi? Hii yako inatosha chai ya mtu mmoja."

Hakukosea. Githeri ya kwetu inakaa motoni nusu ya siku kwenye sufuria pana, na jiko lile lilitaka sufuria ndogo na kuni zilizopasuliwa nyembamba kama penseli. Mama mwenye vidole vilivyojikunja kwa baridi yabisi angezipasua na nani? Kijana alijua hayo. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba siku akipita ni vizuri akute jiko lina masizi, na mafiga yasionekane. Alikuwa na kazi ya kulinda.

Basi siku za afisa akina mama walitoa majiko sebuleni, wakawasha magunzi ya mahindi ndani yake mpaka yakawa meusi vya kutosha, wakafunika mafiga kwa gunia. Afisa akishaondoka gunia linaondolewa, githeri inabandikwa. Mradi wa kupunguza moto ukatuongezea moto wa pili. Nilicheka wakati ule. Nilimsimulia mwenzangu wa chumba cha walimu na tukacheka pamoja mpaka chai ikatumwagikia. Sikuwa nimesikia kifua cha mama kwa makini.

Alikuwa na kikohozi siku zote, kama mabibi wote wa Ruiri, na sisi tulikichukulia kama sauti yake ya pili. Lakini mwaka huo alianza kusimama njiani akienda kanisani. Anasimama kwanza kwa kisingizio cha kusalimia mtu, baadaye bila kisingizio. Nilimpeleka hospitali mjini. Daktari alitazama picha ya kifua akauliza amevuta sigara miaka mingapi.

Mama aliudhika. "Mwambie mimi ni mtu wa kanisa," aliniambia kwa Kimeru, ingawa daktari alikuwa Mmeru na alimsikia.

Daktari akauliza anapikia nini na wapi. Akatueleza polepole, bila istilahi. Mapafu yamechakazwa na moshi wa jikoni. Kilichoharibika hakirudi. Kilichobaki kinaweza kumfikisha mbali, akikaa mbali na moshi. Akipata gesi, vizuri sana. Akiendelea na kuni kwenye kile kijumba kisicho na dirisha, asiahidiwe kitu. Hivyo ndivyo alivyosema, na sisi wawili tulielewa.

Kesho yake nilinunua meko pale Makutano, ule mtungi mdogo wa gesi wenye kichomeo juu, nikaupeleka Ruiri mwenyewe. Mama aliuwasha akiwa amegeuza uso pembeni, kama anayemkamua mbuzi mpya. Ulipowaka bila kumlipukia alikaa akautazama ule moto wa bluu muda mrefu. Alipika chai tukainywa mlangoni, na macho yake yalikuwa makavu. Sikumbuki kuwahi kumwona ametoka kupika macho yakiwa makavu.

"Najisikia kama nimeoga," alisema.

Alipona? Hapana, lakini alipata nafuu. Nilimpigia simu na akamaliza sentensi. Alifika kanisani bila kusimama. Alinichongea kwa kaka yangu kwamba siji mara kwa mara, jambo ambalo hakuwa na pumzi ya kulifanya kwa miezi. Nilifurahi, na nataka niseme hivyo kabla sijaendelea, kwa sababu furaha ile ilikuwa ya kweli na ilinyang'anywa.

Walikuja Jumamosi nikiwa kwake. Mwenyekiti na akina mama wengine wawili wa kikundi, wamevaa leso safi, wamebeba sukari, majani ya chai na mkate, kama watu wanaokwenda kuona mtoto mchanga. Tulinywa chai. Tuliulizana habari za mbuzi. Mwenyekiti alipomaliza kikombe alikigeuza kwenye sahani yake, akanitazama mimi kwanza.

"Mwalimu, hatukuja kumwambia mama yako asipumue," alisema.

Kisha akaeleza. Nyumba mbili zilikuwa zimehama kwenda Timau kutafuta kazi za mashamba ya maua. Nyingine mwenyewe amefariki. Kikundi sasa kilikuwa pale pale kwenye idadi, hakuna hata nyumba moja ya kupoteza. Afisa ameona mtungi wa gesi kwa mama, na amesema kwa huruma tu bado hajaubonyeza kwenye simu. Akiubonyeza, tangi limekwenda.

Nilisema maneno ambayo sikuyapima. Nilisema kwamba kama tangi lao linanywa mapafu ya mama yangu basi wabaki na kiu. Mwenyekiti alitazama chini kwenye miguu yake yenye nyufa, miguu ya mtu anayefuata maji, na mimi nilimchukia kwa kutonijibu, kwa sababu angenijibu vibaya ningekuwa na haki yote upande wangu.

Nilimtafuta kijana wa Embu. Nilimkuta Makutano akijaza mafuta kwenye pikipiki, nikamweleza mbele ya watu. Akatoa kofia ya chuma kwa heshima.

"Madam, mimi naelewa. Hata mathe yangu anakohoa," alisema. "Lakini system haina mahali ya kuandika mgonjwa. Iko na anatumia, ama ametoka. Ongea na mkubwa, anakuja wiki ijayo."

Mkubwa alikuja, yule mgeni mpole, na mkutano ukafanyika palepale ukumbini. Na mtafsiri nilikuwa mimi. Nilikuwa nimepewa kazi hiyo kabla, na kama ningeikataa wangeletewa mtu wa Nairobi asiyejua Kimeru, ambaye angemfanya mama aonekane anaomba sukari.

Niliuliza swali langu kwanza kwa Kiingereza, kisha nikawaambia wanawake kwa Kimeru nilichouliza. Niliuliza kama mtu ambaye daktari amemkataza moshi anaweza kutumia gesi na bado nyumba yake ikahesabiwa, ili wenzake wasikose maji. Mgeni alisikiliza mpaka mwisho. Alisikitika, sina shaka. Uso wake uliiva. Alisema kikohozi ni suala la afya na mradi huu ni wa tabianchi, na fedha zake zina masharti ambayo hata yeye hawezi kuyagusa. Alisema wakimwachia mmoja hesabu nzima haitaaminika kwa wanunuzi. Alisema mradi unapima moshi unaokwenda angani, na ule unaobaki ndani ya nyumba haumo katika mipaka yake, katika mawanda yake.

Mawanda. Nilisimama mbele ya ukumbi nikitafuta neno la Kimeru la mawanda. Mama alikuwa amekaa benchi la mbele, mikono mapajani, ananisubiri. Wote walikuwa wananisubiri.

"Anasema," nilimwambia, "moshi ulio kifuani mwako hauhesabiwi."

Mama alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyetajiwa bei ya kitu sokoni.

"Mwambie nimesikia."

Sijilaumu kwa siku hiyo. Watu wa kanisa wamenishauri nijilaumu kidogo, eti nitapata amani. Nilitafsiri nilichoambiwa na nilikitafsiri vizuri. Hasira yangu nitakaa nayo, sijamwomba mtu anibebee.

Tulirudi nyumbani tukigombana njia nzima, yeye akisimama kila mara kuvuta pumzi na mimi nikisubiri apate pumzi ya kunipinga. Nilimwambia aje Kaaga akae nami. Alisema boma halikai bila mtu, na nyumba tupu nayo inahesabiwa imetoka. Nilimwambia wenzake watafute tangi lao kwingine.

"Wewe unafungua mfereji Kaaga, maji yanatoka," alisema. "Usiniambie habari ya tangi."

"Na kifua, mama?"

"Kifua ni changu." Alikaa juu ya jiwe kando ya barabara. "Mwari, binti yangu, nilisema mbele ya kanisa kwamba nitabaki mpaka mwisho. Unataka nizikwe na watu wakisema ni mimi niliyewanyima maji? Wale wasichana wa mwenyekiti watabeba mgongoni kama mimi?"

Nilimshika mkono akasimama, tukaendelea na njia.

Wiki iliyofuata nilipigiwa simu nikachukue mzigo kwenye stendi ya Makutano. Ulikuwa mtungi wa gesi, umefungwa ndani ya gunia, na pembeni ameniwekea maharagwe mapya na ndizi. Dereva alisema mama amelipa kila kitu na ananisalimia. Niliubeba mpaka nyumbani, nikapikia gesi ile mwenyewe, chai kwa chai, mpaka ikaisha. Kuitupa sikuweza. Nilimnunulia barakoa, akazitumia kufunika maziwa. Nilimlipa fundi atoboe dirisha jikoni, na msimu wa upepo ulipofika aliliziba kwa gunia kwa sababu moto ulikuwa unayumba.

Huku Kaaga maisha yangu yakaendelea kuwa rafiki wa mazingira, kama wanavyosema. Wanafunzi wangu walipanda miti siku ya kupanda miti. Shuleni tuliweka mapipa mawili, la taka zinazooza na la zisizooza, na gari la taka likija linamwaga yote mawili pamoja. Niliwatungia insha kuhusu nishati safi. Msichana mmoja aliandika kwamba bibi yake ndiye mhifadhi bora wa mazingira, kwa kuwa hatumii umeme wala gesi. Nilimpa alama zake, insha ilikuwa na sarufi nzuri. Halafu nikatoka nje nikasimama nyuma ya maabara kwa muda.

Mvua kubwa ilikuja, na mvua ndiyo iliyommaliza. Kuni zilikuwa mbichi, mlango umefungwa kuzuia baridi, na kuni mbichi ndizo zenye moshi kuliko zote. Mwenyekiti ndiye aliyenipigia simu. Nilikuta ameshamfikisha hospitali, amemshika bega kwenye gari njia yote, na leso yake imelowa. Mama aliwekewa oksijeni. Kwa mara ya kwanza niliona hewa ikinunuliwa na kuletwa kwa mtungi mkubwa wa chuma, nikakumbuka kwamba kuna watu mahali fulani wana hati inayosema mama yangu amewasafishia yao.

Aliniuliza kama afisa amepita. Nilimwambia amepita. Aliuliza kama mtu aliwasha jiko. Nilimwambia mwenyekiti aliliwasha, na hiyo ilikuwa kweli. Aliingia kwa mama akaliwasha ili nyumba isihesabiwe imetoka. Mama alifumba macho, ametulia. Alikata roho kesho yake mchana, saa za kuona wagonjwa, nikiwa nimeshika kikombe cha uji ambao hakuufikia.

Matangani kikundi kilileta kuni, kama desturi yetu ilivyo. Kila mwanamke alikuja na mzigo wake mgongoni, wakazirundika nje ya jiko, rundo refu kuliko mimi, na moto mkubwa uliwashwa na watu wakapikiwa. Moshi ulijaa boma zima mpaka hatukuonana. Hakuna aliyekuja kuupima.

Mwenyekiti aliendelea kuliwasha jiko la mama siku za afisa, na nyumba ikaendelea kuhesabiwa; awamu ilipoisha kijana wa Embu alinipigia simu. Alinipa pole tena, akasema tangi limefika na mgeni anakuja kulizindua, je, nitapenda kutafsiri? Nilikubali, na nilikubali kwa ubaya. Nilikuwa nimeona miradi. Nilijua tangi litakuwa dogo kuliko la ahadi, au mifereji itakuwa haijafungwa, au bomba litaishia hewani na mtu wa kuliunganisha hajulikani. Nilitaka kusimama mbele yao wote siku hiyo nione kile walichomuuzia mama yangu, kisha nikiseme kwa lugha tatu.

Tangi lilikuwa kubwa. Lilikaa juu ya msingi wa mawe, mifereji imezunguka paa lote, bomba limeunganishwa. Mgeni alihutubia. Nilitafsiri shukrani, nikatafsiri tabianchi, nikatafsiri uendelevu mara nyingi kadiri alivyoutaja. Akasema kuna mama mmoja hayupo nasi leo, na kwamba alikuwa bingwa wa maisha endelevu. Hapo nilinyamaza. Mgeni alidhani natafuta neno, akanisubiri kwa upole wake, na aliposubiri vya kutosha akaendelea na jambo lingine.

Mwenyekiti ndiye aliyefungua mfereji. Alikinga kikombe cha kwanza, akawapita mchungaji, na mgeni, na chifu, akaniletea mimi kwa mikono miwili.

Nilionja nikitafuta kosa. Nilitaka yawe na chumvi, au kutu, au harufu ya plastiki mpya. Yalikuwa baridi na matamu. Wanawake walikuwa wananitazama, na nyuma yao wasichana walikuwa wamepanga mitungi yao wakicheza, mgongo umenyooka, hawana safari siku hiyo. Nilimaliza kikombe. Nilikuwa na kiu kweli, nimesema maneno ya watu asubuhi nzima, nikaomba kingine nikakimaliza nacho.

Maji yale yanatoka mpaka leo. Hilo ndilo nisiloweza kuwasamehe.